Sifa za Dakika za Nyongeza

Muuza nyanya akishamimina fungu kwenye mfuko, mnunuzi mzoefu hatoi pesa kwanza. Anasubiri nyongeza. Hakuna anayejua itakuwa ngapi: mteja wa kila siku hupata mbili, mgeni hupata moja iliyoanza kulainika, na aliyebishania bei kupita kiasi huondoka na salamu. Mpira wa miguu ni mchezo uliopimwa kila upande, lango mita 7.32, penalti mita 11, lakini umeacha mlango mmoja wazi kwa desturi hii ya sokoni. Kwa hilo dakika za nyongeza zinastahili sifa, tena sifa kubwa.

Hata ukoo wao ni wa kijanja. Husimuliwa kwamba mwaka 1891 huko Uingereza, Stoke walikuwa nyuma 1-0 dhidi ya Aston Villa walipopewa penalti zikiwa zimebaki dakika mbili. Kipa wa Villa akaubutua mpira ukatoka uwanjani kabisa. Ulipopatikana, muda ulikuwa umekwisha. Sheria ikarekebishwa, na makipa wote wanaofunga kamba za viatu dakika ya 88 wakiongoza kwa bao moja wakapata babu wa kumtambikia.

Leo Sheria namba 7 inamtaka mwamuzi afidie muda uliopotea kwa majeruhi, mabadiliko ya wachezaji, kadi, VAR, shangwe za mabao na, kwa ukarimu wa ajabu, sababu nyingine yoyote ile. Kibao anachoinua mwamuzi wa akiba ni kima cha chini tu. Mwenye kipenga anaweza kukipandisha. Kukishusha hana ruhusa.

Wapo wanaolalamika kwamba mkono wa mwamuzi anayeongeza una upendeleo. Wachumi watatu, Luis Garicano, Ignacio Palacios-Huerta na Canice Prendergast, walizichambua mechi za ligi ya Hispania na mwaka 2005 wakachapisha walichokiona: mwenyeji akiwa nyuma kwa bao moja, muda ulioongezwa ulikaribia mara mbili ya ule wa siku anapoongoza kwa bao moja. Muuza nyanya angeuliza ajabu iko wapi. Uwanja mzima unaopiga kelele ndio wateja wa kila siku. Waliokuja na basi moja ni wapita njia.

Na bila nyongeza kibanda umiza kingeuza nini? Ukumbini benchi ni gumu na joto halivumiliki, lakini dakika za lala salama hakuna anayenyanyuka, hasa mwenye mkeka uliobakiza timu moja. Mei 26, 1999, Camp Nou, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Bayern Munich walikuwa wanaongoza dhidi ya Manchester United tangu dakika ya sita. Mwamuzi Pierluigi Collina akatoa dakika tatu. Teddy Sheringham wa United akasawazisha, mwenzake Ole Gunnar Solskjær akamaliza. Rais wa UEFA, Lennart Johansson, alikuwa ameshaondoka jukwaani kwenda kukabidhi kombe. Alipotokeza chini alishangaa kuona washindi wanalia na walioshindwa wanacheza. Dakika tatu tu zilitosha kumpotosha rais.

Bahati mbaya, mizani imeanza kuingia sokoni. Katika Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi, tovuti ya FiveThirtyEight ilizipima mechi 32 za mwanzo na kukuta kwamba kila mechi iliongezwa wastani wa dakika kama 7, wakati muda uliopotea ulidai kama 13. Hesabu kama hizo huharibu biashara. Miaka minne baadaye, nchini Qatar, FIFA ikaamua kulipa deni lote, na aliyesimamia waamuzi wake alikuwa Collina yule yule wa dakika tatu. Uingereza na Iran zikaongezewa dakika 14 katika kipindi cha kwanza. Cha pili kikanyooka mpaka Mehdi Taremi akafunga penalti dakika ya 90+13, wakati Iran imeshapigwa sita. Haki ilitendeka, na haikumsaidia mtu.

Anayedhani mkono mkavu ni bora kuliko mkono wenye upendeleo aukumbuke mji wa Limbe, Cameroon, Januari 12, 2022, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Mali ilikuwa inaongoza 1-0 dhidi ya Tunisia. Mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia akapuliza kipenga cha mwisho dakika ya 85, akakumbushwa, mchezo ukaendelea. Akapuliza tena sekunde chache kabla ya 90. Baadaye alieleza kuwa joto lilimzidi, na kwa joto la siku ile hakuna sababu ya kumbishia. Lakini hapa muuzaji hakuishia kunyima nyongeza. Alichomoa nyanya mfukoni mwa mteja.

Benchi la Tunisia likamvamia likionyesha saa. Kocha wa Mali, Mohamed Magassouba, alikuwa ameketi na waandishi wa habari alipoambiwa kwamba mechi inarudi. Wachezaji wake wakatoka, wakasimama uwanjani, wakasubiri. Watunisia hawakuja. Kocha wao, Mondher Kebaier, alisema vijana walikuwa wameshaingia kwenye maji ya barafu.