Taa Imewaka, Twende Tu: Mwongozo wa Dereva Asiyejaza Tenki

Mwongozo huu haumhusu dereva anayejaza tenki. Huyo ana pesa, ana mipango na analala vizuri. Hatuna cha kumfundisha. Tunazungumza na wewe unayeingia sheli, ukashusha kioo nusu na kumwambia dada wa pampu, "Niwekee ya elfu kumi," kwa sauti ya chini ili shemeji aliyekaa nyuma asisikie. Gari lako lina tenki la lita arobaini na kitu, na tangu lishuke bandarini Dar es Salaam halijawahi kuona zaidi ya robo yake. Wewe ndiye mwanafunzi wetu.

Anza kwa kuielewa geji, maana haifai kumdharau mtu usiyemfahamu. Ndani ya tenki kuna boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakipanda, boya linapanda. Yakishuka, linashuka nayo. Mkono ule unasugua kipande cha umeme, umeme unaopita unaongezeka au kupungua, na mshale wa kwenye dashibodi unafuata. Basi, hayo ndiyo yote. Hakuna anayehesabu lita humo ndani. Kinachopimwa ni kimo cha boya, na tenki la gari halikufinyangwa liwe sawa juu na chini: limepindwa likwepe ekseli, likabanwa chini ya siti, likachongwa pembeni lipishe bomba la moshi. Sentimita moja ya juu ina lita zake, sentimita moja ya chini ina zake. Ndiyo sababu kwenye magari mengi nusu ya kwanza inakupeleka Bagamoyo na kukurudisha, halafu nusu ya pili inaishia Tegeta.

Pale juu kabisa boya linagota kwenye paa la tenki kabla tenki halijajaa. Anayejaza hadi shingoni huuona mshale umeganda kwenye F kilomita nyingi kana kwamba gari linaendeshwa kwa maombi. Raha hiyo wewe huijui, tuiache.

Pale chini ndipo penye shule. Watengenezaji wa magari wanakufahamu kuliko unavyodhani. Walijua utaiona E na utasema "bado kidogo," kwa hiyo waliiweka E mahali ambapo kweli bado kidogo. Mshale ukigusa mstari, tenki huwa lina akiba. Taa ya njano huwaka mapema zaidi. Kwenye magari madogo mengi inawaka zikiwa zimebaki lita tano hadi nane hivi, na kiasi hasa kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, ambacho kwa upande wako kipo, kiko kwenye droo ya mbele, kimeandikwa kwa Kijapani.

Sasa tazama uhodari wa binadamu. Geji ni kama saa ya sebuleni ambayo baba ameisogeza mbele dakika kumi ili watu wasichelewe kanisani: wiki ya kwanza wote wanawahi, wiki ya pili kila mtu anatoa dakika kumi kichwani, na wiki ya tatu wanachelewa kuliko zamani. Mhandisi wa Japani alikuachia lita sita za dharura. Wewe ukazigeuza kuwa lita sita za kawaida. Dharura yenyewe ikija, inakukuta umeshaitumia Jumatatu.

Hesabu inayotakiwa ni nyepesi. Lita sita, gari linakwenda kilomita kumi na mbili kwa lita, hivyo una kilomita sabini na mbili. Hesabu hii ni sahihi kabisa, na imewafikisha watu wengi pembeni mwa barabara. Zile kilomita kumi na mbili ni za barabara iliyonyooka, matairi yana upepo, kiyoyozi kimezimwa. Ukiwa kwenye foleni ya Mbezi saa kumi na mbili jioni, kiyoyozi kikiunguruma, injini inakula na matairi hayazunguki. Kilomita kwa lita hapo ni sifuri.

Kama gari lako lina kompyuta inayoonyesha kilomita zilizobaki, iheshimu kama unavyomheshimu mganga: sikiliza, lakini kumbuka anasoma ya jana. Kompyuta ile inatazama ulivyokula mafuta muda uliopita, kisha inadhani utaendelea hivyohivyo. Umetoka Morogoro kwa mwendo mzuri, inakuandikia 80. Ukifika Kibamba unakuta malori yamejipanga, na namba inaanza kuporomoka kuliko unavyosogea: 60, 45, 30, vistari viwili. Hapo wasiozoea huingiwa na hofu. Mwanafunzi wetu hubadilisha ukurasa wa kompyuta, akaangalia joto la nje.

Baadhi ya magari yetu, kwa wema, hutoa onyo kwa maandishi au kwa sauti. Tatizo ni kwamba linakuwa kwa Kijapani. Kila asubuhi gari likiwaka, mwanamke wa kwenye dashibodi anakuarifu kwa adabu kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara za kwao. Umemzoea hadi humsikii. Siku dashibodi itakapokuandikia kwa herufi hizohizo kwamba uweke mafuta, utaona ni salamu tu.

Somo la taa yenyewe. Kwenye magari mengi ya zamani taa ina kidude chake ndani ya tenki, mbali na boya. Kidude kikiwa kimezama, petroli inakipoza. Mafuta yakishuka kikabaki wazi, kinapata joto, kinaachia umeme upite, taa inawaka. Kwa hiyo ukikata kona au ukipanda mwinuko, petroli inakimbilia upande mmoja na taa inawaka, ukinyoosha, inazima. Dereva hodari hulipokea tukio la kuzima kama baraka: mafuta yameongezeka. Abiria wake hawana imani hiyo.

"Baba Asha, ile taa ya njano ni ya nini?"

"Ya mafuta, mama. Haina neno. Imewaka tangu jana."

Jibu hili lina mantiki ya ajabu, nalo ndilo nguzo ya mwongozo wote: taa ikishakaa muda mrefu imewaka, inakuwa ya kawaida, na cha kawaida hakidhuru.

Mwinuko una faida nyingine. Umeazima gari la kaka yako, naye alikuachia likiwa nusu. Umelizungusha Jumamosi nzima, sasa ni robo. Usihangaike na sheli. Tafuta upande ambao boya la gari hilo linapanda likiwa limeinamia mbele au nyuma, kisha liegeshe kwenye mteremko unaofaa, mkabidhi funguo, mpe shikamoo kama ni mkubwa wako, uondoke kwa miguu. Magari mengi ya sasa yana kompyuta inayotuliza mshale, na hiyo inakusaidia zaidi: mshale hautashuka papo hapo akiliondoa. Atakuwa ameshafika barabara ya lami, atasema gari lake linakunywa.

Tukija kwenye bei. Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kenya, EPRA hutangaza tarehe 14, bei ianze tarehe 15. Kwa dereva wa taa, siku mbili kabla ya tangazo ni msimu wa ibada. Amesikia kwamba bei itashuka, kasikia wapi haijulikani, basi anavuta. Anazima kiyoyozi. Anaacha kumpitia jirani. Anapanga safari zote ziwe za kuteremka. Jumatano inafika, bei imeshuka shilingi kadhaa kwa lita, naye ananunua lita tatu. Kile alichookoa hakifiki nauli ya bodaboda aliyopanda kwenda kutafuta mafuta na kidumu usiku wa Jumanne.

Tena kidumu chenyewe. Usitegemee kwamba utafika sheli na chupa ya maji ya kunywa ukahudumiwa. Mhudumu ana haki ya kukukatalia, na petroli kwenye plastiki mapajani, juu ya pikipiki, ni namna mbaya ya kuonekana na watu.

Turudi kwa lita tatu, maana zina ugomvi wake. Bei ikiwa karibu na shilingi 3,000, elfu kumi inakupa lita tatu na ushee. Unatia, unawasha, mshale hausogei hata unywele. Unashuka kwa hasira: "Dada, mmeniibia!" Hujaibiwa. Boya lilikuwa limelala chini ya pale linapoanza kuhesabu, na zile lita tatu zimelifikia kwa shida. Pampu za sheli hukaguliwa na kubandikwa stika na Wakala wa Vipimo. Tenki lako hakuna anayelikagua. Mwenye shaka na aitazame stika, asiutazame mshale.

Wapo wanaosema zamani mambo yalikuwa ya kweli zaidi, na kwa hili nakubaliana nao. Volkswagen Beetle za miaka ya 1950 hazikuwa na geji kabisa. Dereva aliendesha hadi gari likaanza kukohoa, akapeleka mguu kwenye kibomba chini ya dashibodi, akakigeuza, na tenki likaachia mafuta ya akiba. Pikipiki nyingi za bodaboda bado zinao utaratibu huo: injini inasinzia, kijana anainama bila kupunguza mwendo, anazungusha swichi kwenda rizevu, na hapo anajua kwa hakika kwamba anaelekea sheli. Hakuna taa, hakuna kubishana na mshale. Shida ni moja: akisahau kurudisha swichi baada ya kujaza, safari ijayo akiba inaliwa kimyakimya, na anakuwa sawa na wewe mwenye gari.

Usione aibu, hata wakubwa yamewakuta. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767 mpya, iliruka geji zake za mafuta zikiwa hazifanyi kazi. Mafuta yalipimwa kwa vijiti tenkini, kisha watu wakapiga hesabu wakichanganya ratili na kilo. Safari ilitaka kilo 22,300. Waliondoka na pungufu ya nusu. Wakiwa futi 41,000 juu ya Kanada injini ikazima, na ya pili ikafuata. Bahati yao rubani, Robert Pearson, alikuwa amezoea kurusha ndege zisizo na injini, akaiteremsha ile ndege kubwa ikielea hadi Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi ambako siku hiyo watu walikuwa na mashindano ya magari. Wote 69 waliokuwemo walipona. Wewe ukizimikiwa, shukuru kwamba uko chini tayari.

Lakini chagua mahali pa kuzimikiwa. Pembeni mwa Barabara ya Morogoro kuna vijana wa kukusukuma na mama wa mihogo wa kukucheka, si pabaya. Mikumi, ambako barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita kama hamsini, hakushauriwi; huko nje kuna tembo, na simba hawasukumi. Kitonga nako usijaribu ule ujanja wa kuweka nyutro ukiteremka eti kubana mafuta. Gari la sasa likiteremka na gia, mguu ukiwa nje ya pedali, kompyuta inaikatia injini mafuta kabisa. Ukiweka nyutro inabidi injini ilishwe ili isizime. Kwa hiyo unatumia zaidi, na breki zinaungua. Ni mara chache ujinga unapata hasara mbili kwa tendo moja.

Na kama gari lako ni la dizeli, acha mwongozo huu sasa hivi. Dizeli ikikata, mabomba yanavuta hewa, na kwa magari mengi kutia mafuta hakutoshi: lazima fundi aje atoe hewa kwanza, akifungua nati na kupampu kwa mkono huku akikueleza kwamba ungempigia mapema.

Bili ya kweli huja baadaye. Pampu ya mafuta ya gari la petroli la siku hizi imekaa ndani ya tenki, na petroli ileile ndiyo inayoipoza. Ukiliacha tenki tupu kila siku, pampu inafanya kazi ikiwa na joto, hadi asubuhi moja gari linagoma. Fundi atakutajia bei ya pampu, kisha bei ya kuifunga. Ukigawa fedha hiyo kwa lita utagundua ungejaza tenki, ukajaza tena, ukabaki na chenji.

Kuna kitu kimoja kwenye geji yako ambacho hakijawahi kukudanganya, nacho hukitazami. Pembeni ya kile kipicha cha pampu, magari mengi yana mshale mdogo wa pembetatu. Mwaka 1986 James Moylan, mfanyakazi wa Ford huko Marekani, alilowa mvua akijaza mafuta kwenye gari la kampuni baada ya kuegesha upande usio na mfuniko. Aliporudi ofisini aliandika pendekezo la mshale unaoonyesha mfuniko uko upande gani, na magari ya toleo la 1989 yakatoka nao. Hauna boya, hauna kompyuta, hauathiriwi na mteremko. Kautazame wa kwako kabla hujaingia sheli, usije ukaburuta mpira wa pampu juu ya buti huku foleni nzima ikikupigia honi kwa ajili ya mafuta ya elfu kumi.