Landilodi Mmoja: Uainishaji wa Timu za Nairobi kwa Mahali Zinapolala

Wapenzi wa soka huzipanga timu kwa pointi. Wazee wa kijiweni huzipanga kwa ukoo. Makala haya yanapendekeza kigezo cha tatu, ambacho mkazi wa mtaa wa Shauri Moyo anakielewa bila kupita chuo kikuu: kodi inalipwa kwa nani?

Si ajabu kigezo hiki kuzaliwa hapa. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea watu waliovunjiwa nyumba zao kule Pangani, na tangu siku hizo mwenye nyumba mkubwa wa mtaa huu amekuwa baraza la mji, baadaye la jiji, ambalo leo ni kaunti. Tembea hadi Jogoo Road utaukuta uwanja wa City Stadium, nao ni wa kaunti hiyo hiyo. Basi mama anayeishi chumba kimoja Shauri Moyo na Gor Mahia, klabu iliyobeba kombe la Afrika, wanapochezea City Stadium wana landilodi mmoja, na malalamiko yao yanafanana: bomba, ukuta na choo. Kwa mtafiti, hiyo ni sampuli ya dhahabu.

Jenasi ya kwanza haitatuchelewesha. Ni timu za nyumba ya kazi, zinazolazwa na mwajiri wao. Tusker iko Ruaraka, jirani na kiwanda cha bia kilichoizaa. Ulinzi Stars ina uwanja wa jeshi Lang'ata. Kenya Police, bingwa wa ligi msimu wa 2024/25, ina uwanja wake South C. Viumbe hawa hawahangaiki sana kutafuta pa kucheza Jumapili. Hasara yao ni moja tu: hakuna mtaa unaolala bila kula kwa sababu wamefungwa.

Jenasi ya pili ni adimu, na wasomi wa ng'ambo wanaipenda kupita kiasi. Huyu ni mgeni wa hoteli. Sampuli iliyopo ni moja, Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafu yenye makao katika Hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa. Barafu hiyo ilifunguliwa mwaka 2005 kwa ajili ya watu kujifurahisha, ndani ya jengo, katika jiji lililo karibu kabisa na ikweta. Wachezaji wengi walianzia kwenye viatu vya magurudumu, lami ikawafundisha kuanguka kabla barafu haijawafundisha kusimama. Kiwanja rasmi cha mchezo huu kina urefu wa mita 60 na upana unaoweza kufika 30. Cha Panari ni kidogo zaidi, kwa hiyo mchezaji wetu hujifunza kukata kona mapema, ujuzi ambao abiria wa matatu za Eastlands huupata utotoni. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakavaa jezi mpya na kucheza bega kwa bega na nyota wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Wanaopenda kuitumia timu hii kama kichekesho wakumbuke kwamba makao yake yanajulikana, yana paa, na ukiuliza njia unaonyeshwa. Kuna klabu kubwa za soka zisizoweza kusema hivyo.

Hapo ndipo tunaingia jenasi ya tatu, mpangaji wa jiji, ambayo ndiyo kiini cha utafiti huu. Ina spishi mbili zinazoitana mashemeji na kupigana kama mashemeji. AFC Leopards ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya United. Gor Mahia ilizaliwa tarehe 17 Februari 1968, Luo Union na Luo Stars zilipoungana, na ikatwaa ligi mwaka huo huo, yaani kabla hata ya kujua jina lake linaandikwaje kwenye hati. Jina lenyewe ni la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, na limedumu: mwaka 1980, amri ya kufuta majina ya kikabila ilipotoka, Abaluhya walilazimika kutafuta jina jipya, lakini la mganga lipo hadi leo.

Nyumba yenyewe nayo haikukaa na jina moja. Uwanja uliitwa African Stadium, ukawa Donholm Road, ukawa Jogoo Road, ukawa City Stadium, na baada ya gwiji wa soka Joe Kadenge kufariki Julai 2019 ukapewa jina lake. Majina matano, mlango ule ule. Kondakta wa matatu hajayafuata mabadiliko haya. Kwake kituo ni "Stadium", na mwenye kutaka zaidi ateremke atembee.

Wapangaji wenyewe wana tabia ya kuhama bila kuaga. Siku kubwa kuliko zote katika historia ya Gor haikutokea Jogoo Road. Mwaka 1987 walitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, kisha 1-1 katika uwanja wa Kasarani, wakachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Kasarani ni ya serikali, na wakati huo ilikuwa bado inanukia rangi, kwa kuwa ilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka huo. Watafiti wasio makini wameandika kwamba kwa hiyo Kasarani ndiyo nyumbani. Hoja hiyo haisimami: harusi ikifanyika ukumbini, bwana harusi hahesabiwi kuwa anaishi ukumbini.

Ushahidi bora uko sokoni Burma. Mtafiti aketi kwenye benchi la nyama siku ya mechi pale City Stadium, mbele yake gogo la kukatia, kachumbari, ugali unaofuka moshi na televisheni iliyofungwa juu ukutani. Atawaona mashabiki wa jenasi hii wamegawanyika makundi yanayotambulika kwa masikio. Kuna wanaotazama picha. Kuna wanaotegemea redio ya simu. Halafu kuna wale wazee wanaotafuna tu, wamekipa kioo mgongo, maana wanajua siri ya jiografia: kelele za mashabiki hupita juu ya mabati na kufika Burma kabla picha haijamaliza safari yake angani. Mzee anainua mkono wenye mfupa, anasema "goli", na sekunde kadhaa baadaye vijana wanaruka mbele ya televisheni. Hata aliyefunga anaweza kumkisia kwa namna kelele ilivyopanda. Hakuna shabiki wa mgeni wa hoteli, wala wa timu ya nyumba ya kazi, aliyewahi kupewa huduma kama hii na jirani zake. Na Burma haikumlipisha mzee kiingilio.

Jenasi ya nne ni mhamaji, naye si spishi bali ni hali inayoweza kumpata yeyote. Viwanja vya Kasarani na Nyayo vilipofungwa kutengenezwa kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, klabu za Nairobi zilitawanyika, nyingine zikaishia Machakos. Timu ya taifa ndiyo iliyofika mbali zaidi: Juni 2024 Harambee Stars ilicheza mechi zake za "nyumbani" za kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya Burundi na Côte d'Ivoire, mjini Lilongwe, Malawi. Zote zikaisha sare. Mtu wa Shauri Moyo akielezwa kwamba nchi nzima imekosa pa kulala hashtuki. Anauliza tu kama vyombo vimehamishwa salama.

Pingamizi moja la kitaalamu linastahili jibu. Inasemekana klabu inayomilikiwa na mashabiki haiwezi kujenga uwanja wake, kwa kuwa mali ya wote haina wa kutia sahihi. Lakini mtaa huu umejaa vyama vilivyoanza na shilingi za kila wiki ndani ya daftari la mraba vikaishia kuwa na ploti Ruai na Kamulu, na wanachama wake ni hao hao wanaovaa kijani au buluu Jumapili. Fedha hazikosekani, kila dirisha la usajili zinaonekana zikipita.

Kwa hiyo, viongozi wa klabu zote mbili, hukumu ya utafiti huu ni kwamba bado mko katika orodha ya wapangaji, pamoja na vikombe vyenu vyote. Msimu ujao acheni mshambuliaji mmoja wa kigeni apite, fedha zake ziwekeni kwenye ardhi. Ikiwa ni mbali, tutapanda basi.