Mlipwaji Asiyedhurika
Katika sheria ya Marekani, shauri la kundi, yaani kesi ambayo wadai wachache huifungua kwa niaba ya maelfu waliopatwa na madhara yaleyale, likimalizika kwa suluhu huhitaji msimamizi wa malipo, ambaye kwa idhini ya mahakama huwaarifu wahusika, hupokea na kuhakiki fomu zao, kisha hutuma hundi. Kwa kuwa ujira wake mara nyingi hutoka katika mfuko uleule wa fidia, yeye huwa mlipwaji ambaye halazimiki kuthibitisha kwamba alidhurika. Waliodhurika, kwa upande wao, huweza kupata chini ya walichoahidiwa. Suluhu ya mwaka 2019 ya Equifax, kampuni ya taarifa za mikopo, iliyohusu kuvuja kwa taarifa za watu wapatao milioni 147, iliahidi hadi dola 125 kwa mdai aliyekwisha kuwa na huduma ya kufuatilia mwenendo wa mikopo yake, ilhali fungu lililotengwa lilikuwa dola milioni 31, zinazotosha watu 248,000 tu. Waombaji walipofurika, serikali iliwashauri wachague huduma ya ufuatiliaji badala ya fedha. Haba na haba hujaza kibaba, ingawa wahenga hawakutaja kibaba hicho ni cha nani.