Barua ya Wazi kwa Afisa wa Vibali: Kipunji Naye Ajaze Fomu

Mheshimiwa,

Shikamoo, na pole kwa kazi nzito ya kulilinda taifa dhidi yangu.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mzaliwa wa Igogwe, Rungwe. Naomba kibali cha kuchunguza bei ya ndizi shambani na bei yake zikifika sokoni. Barua ya chuo imeshuka kutoka mkoani, wilayani, katani hadi kijijini, na kila meza imeniuliza: "Umetumwa na nani?" Naelewa. Adui wa nchi anaweza kabisa kujificha ndani ya mpwa anayemuuliza shangazi yake mkungu kauza shilingi ngapi.

Kwa kuwa ofisi yako haina upendeleo, naomba umshughulikie kipunji. Kima huyu wazee wetu walimjua na kumwita hivyo zamani, lakini mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kuwa amegunduliwa Mlima Rungwe. Mmoja aliyenaswa na mtego wa mkulima yuko makumbusho ya Field, Chicago. Afunguliwe jalada. Waliobaki msituni wajaze fomu: jina la babu, makazi ya kudumu, mara ya mwisho kuonana na mgeni. Waeleze kwa maandishi kwa nini mwaka 2006 walikubali kupewa jina la kisayansi Rungwecebus bila kupitia kwa mtendaji wa kijiji. Picha za pasipoti wapige kwenye ukuta wa bluu, na kile kishungi cha utosini kilazwe kwa maji, masikio yaonekane. Mlio wao uhifadhiwe kama siri ya serikali. Afisa mmoja akae juu ya mti na muhuri wake, alipwe posho ya kimo. Mvua ya Rungwe tutamkingia kwa jani la mgomba.

Ndizi nazo ziapishwe kabla ya kupanda lori. Ukungu wa asubuhi uhojiwe unaficha nini.

Najua wageni nao huomba kibali COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Lakini akishuka mmoja kwenye Land Cruiser, mnamvutia kiti. Mimi nasimama mlangoni na barua yenye nembo ya chuo cha nchi yangu, nahojiwa kama mwizi wa kuku. Usalama gani huo, unaosinzia mzungu akipita na kuzinduka nikibisha hodi mimi? Mnatudharau, basi!

Samahani, Mheshimiwa. Kalamu imeteleza.

Naomba jibu kabla ya siku ya kukabidhi tasnifu. Ikishindikana, nitabadili mada niandike kuhusu muhuri. Najua nao una kibali chake, ila sijaambiwa huombwa meza ipi.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Igogwe