Mazungumzo Bandani kwa Mhunzi

Jua likishatua na geti likishafungwa, vyombo vya banda la mhunzi katika kijiji kimoja cha makumbusho hubaki kusema yale ambayo mchana hayasemwi. Siku hiyo walikuja wanafunzi mabasi mawili. Mhunzi, kavaa lubega juu ya suruali ya jinzi, alivukuta, akagonga, cheche zikaruka, simu zikainuliwa juu. Robo saa haijaisha, mwongozaji akatangaza kwamba hivyo ndivyo mababu zetu walivyopata chuma. Makofi yakapigwa. Springi ya Lori, ambaye kwa wakati huo alikuwa nusu springi nusu kisu, alisubiri watu waondoke ndipo akafungua mdomo.

SPRINGI: Shikamoo, Mzee Fuawe. Nitatulie fumbo. Mimi nimebeba saruji chini ya lori miaka mingi mpaka nikavunjika, nikauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Leo nimetambulishwa kwa watoto kuwa ni chuma cha mababu. Babu yupi huyo aliyekuwa na lori?

FUAWE: Marahaba, kijana. Uchakavu wako si aibu. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipojaa sokoni zama za ukoloni, wahunzi wengi waliacha kuyeyusha mawe wakashika kufua mabaki. Mhunzi anayekugeuza kisu anafanya kazi halali, tena ya akili, maana anajua springi hushika makali kuliko nondo. Aibu ni kuchanganya kazi mbili. Iko kazi ya kukitoa chuma ndani ya mawe, na iko kazi ya kukifua kikishapatikana. Watoto wameoneshwa ya pili, wakaambiwa ni ya kwanza. Ni sawa na kumwonesha mtu mpishi anapakua wali, kisha ukamwambia hivyo ndivyo mpunga unavyolimwa.

MVUKUTO: Mzee, usinivunjie heshima. Bila pumzi zangu chuma hakipo, na watoto wameziona pumzi zangu. Wakose nini tena?

FUAWE: Bibi Mvukuto, huko Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, walijenga matanuri marefu kuliko mtu, yenye matundu chini, yakavuta hewa yenyewe bila ngozi ya mbuzi hata moja. Wewe ulingojewa kwenye tanuri dogo la pili, la kukisafisha chuma. Naam, una kazi, lakini si wewe peke yako. Nenda Buhaya, kando ya Ziwa Viktoria, uone hesabu ilivyokuwa ndefu. Udongo wa kichuguu ulichaguliwa kwa kuta za tanuri, matete ya kinamasini yakachomwa na kujazwa shimoni, mawe yakaokwa kwanza, mabomba ya udongo yakaingizwa ndani kabisa ya tanuri. Mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliandika habari hizo katika jarida la Science mwaka 1978, wakaonesha kwamba karibu na Ghuba ya Kemondo watu waliyeyusha chuma kwa ufundi huo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wako wataalamu waliobisha dai lao kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba yale, na ubishi ni haki yao. Lakini ubishi wenyewe ni ushahidi kwamba hapa pana elimu ya kubishaniwa. Cheche, nani atabishana nazo?

MVUKUTO: Maneno matamu, mzee, ila makumbusho si chuo. Kuyeyusha kunakula makaa na siku nzima, na mtoto wa leo hangoji hata chai ipoe. Robo saa si bora kuliko kukosa kabisa? Tena mhunzi wetu anapata riziki. Ukimkosoa, unamtoa tonge mdomoni.

FUAWE: Riziki yake naitetea, wala sisemi tanuri liwashwe kila asubuhi. Nasema robo saa ya kweli haizidi kwa gharama robo saa ya uongo. Wekeni mezani jiwe lenye chuma, kando yake mavi ya chuma, kando yake wewe Springi, kisha mtajeni kila mmoja kwa jina lake. Mtoto avukute mwenyewe mpaka mikono imlegee, ajue moto una bei. Na aambiwe habari za wazee wa Buhaya. Mwaka 1976 walijenga tena tanuri baada ya kazi hiyo kuachwa kwa miongo mingi, na iliwabidi wajaribu na kurekebisha, maana kilichobaki kichwani kilikuwa kimetoka mikononi. Wahenga walisema ukupigao ndio ukufunzao. Mimi nimepigwa sana, nina haki ya kusema. Kutazama hakujafunza mtu uhunzi.

SPRINGI: Basi nami niulize la mwisho. Mbona wanauita uhunzi ufundi uliokufa? Nilikotoka, Gerezani jijini Dar es Salaam, nyundo haziachi kulia. Nasikia Kamukunji ya Nairobi ni hivyo hivyo: masanduku ya shule, majiko, makarai. Au mhunzi hahesabiwi mpaka avae lubega?

FUAWE: Hapo umepiga penyewe. Fundi akigonga bati ndani ya makumbusho, huitwa urithi. Akigonga bati lile lile kando ya barabara, huitwa kelele. Wanaompigia makofi mhunzi wa maonyesho humwomba yule wa mtaani apunguze bei.

Vyombo vikanyamaza hapo, maana mlinzi alikuwa akipita na tochi. Hoja yao, hata hivyo, haihitaji mlinzi. Onyesho la uhunzi lina thamani likimfikisha mtazamaji kwenye mwanzo wa chuma na kwa warithi wa mhunzi. Likiishia kwenye cheche, ni fataki za mchana. Kwa hiyo, mwalimu utakayewapeleka watoto makumbusho, waelekeze wamuulize mwongozaji swali moja tu: chuma hiki kimetoka wapi? Na mkirudi, mpitie Gerezani.