Tambi Masikioni

Kirusi kina jibu moja ambalo Waingereza hawajui walifanyie nini: da net, navernoye. Neno kwa neno ni "ndiyo hapana, pengine". Wanaokijua husema maana yake ni "sidhani", ila imelainishwa kidogo ili aliyeuliza asivunjike moyo. Wafasiri waliobobea hukuna vichwa mbele ya maneno hayo. Bukavu hayamsumbui mtu. Nenda ofisi yoyote ukaulizie kama karatasi yako imeshatiwa sahihi, uone kama utajibiwa vingine.

Ndiyo maana siku rubani wetu alipoulizwa kama ndege itaruka, akajibu kwa Kiingereza chake ndiyo, hapana, labda, nilifungua mdomo nifafanue, na mama mwenye mzigo akaninyamazisha kwa kiganja. "Acha. Nimesikia." Akaketi juu ya gunia la chumvi, akafungua karanga zake. Wingu lilikuwa limelalia Kahuzi, na mlima ule una mita 3,308; mwenye macho hahitaji mkalimani.

Hapo ni Kavumu, uwanja wa ndege ulio kilomita kama 30 kaskazini ya Bukavu, kabla waasi wa M23 hawajauteka Februari 2025, na mji wenyewe siku mbili baadaye. Kwenye ramani, Shabunda, ndege yetu ilikokuwa inakwenda, imeunganishwa na Bukavu kwa barabara. Ramani nayo ina utani wake. Chumvi, sabuni, mchele, bia, mabati, vyote vilikuwa vinapanda ndege; mabati yanakwenda, madini ya bati yanarudi. Na waliokuwa wakiendesha ndege hizo, mara nyingi, walikuwa Warusi na Waukraine. Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, ndege zake na watu wake walitawanyika wakatafute riziki, na wengi waliipata Afrika. Hii yetu ilikuwa Antonov 28: ilisanifiwa Kiev, ikaundwa Poland, ikazeekea Kongo.

Rubani alijua Kiingereza, tusimsingizie. Tangu mwaka 2008 marubani wa safari za kimataifa wanatakiwa kuonyesha kwamba wanakimudu, na cha kwake kilikuwa safi mradi mnaongea habari za upepo, mwinuko na mafuta. Tatizo ni kwamba Kiingereza cha angani hakina neno la dagaa. Akishashuka kwenye ngazi, mambo ya duniani aliyawaza kwa Kirusi na kuyatamka kwa Kiingereza. Mimi niliyasikia kwa Kiingereza, nikayapitisha kwenye Kifaransa cha shule, nikayatoa kwa Kiswahili kwa mama ambaye hesabu zake zote anazipiga kwa Kimashi. Kila sentensi ilipita vizuizi kama lori la kwenda Uvira, na kila kizuizi kilichukua chake.

Na Kiswahili chenyewe kipi? Wakoloni walikiita Kingwana, sisi tunakiita Kiswahili tu, na jirani zetu wa Dar es Salaam wanakiita msiba. Mpakizi mmoja alikuja mbio akitangaza kwamba bibi yake amezaa. Msomaji wa pwani, usimpe pole bibi kizee: kwetu bibi ni mke. Akaongeza kwamba yaya wake amempeleka mzazi kwa munganga. Yaya ni kaka mkubwa, au dada mkubwa. Munganga ni daktari wa hospitali, mwenye koti jeupe na stashahada. Mfanyabiashara mmoja wa Kigoma aliyekuwa anasubiri mzigo wake alisikiliza habari hiyo yote, akabaki na picha ya ajuza aliyejifungua na kukimbizwa na mlezi wa watoto kwa mtu wa ramli. Alinivuta kando akaniuliza kama huku kwetu hakuna serikali. Hilo swali sikulitafsiri kwa mtu.

Tambi ndizo zilizotaka kututoa roho. Mzigo ulipofika kwenye mizani, mama alisema magunia yake yana kilo hamsini hamsini, kama yalivyoandikwa. Mizani ilikuwa na maoni mengine. Rubani akachungulia namba, akamtazama mama, akasema kitu kwa ukali, na kwa Kiingereza kikatoka hivi: mwambie huyu mama asinitundikie tambi masikioni.

"Ule muzungu anasema nini?"

Nikasema alichosema. Nililipwa kutafsiri, sikulipwa kuwaza. Na kwa bahati ambayo sijui ni ya nani, katika mzigo wa mama kulikuwa na katoni za spageti.

Mama hakuuliza habari za masikio hata kidogo. Aliinuka, akajifunga kitenge sawasawa, akaenda moja kwa moja kwenye katoni zake na kuanza kuzihesabu kwa sauti. Katoni moja ilikuwa na gundi iliyobanduka kwenye kona. Akaingiza vidole, akatoa pakiti, akaipima mkononi, akaitazama ndege, akamtazama rubani, akamtazama na yule msaidizi wake aliyekuwa anatafuna kitu kivulini. "Umuambie arudishe spageti yangu!" Wapakizi wakaacha kazi. Mmoja, bila kuombwa, akaenda kuangalia masikio ya rubani kwa upande, akarudi akatoa ripoti kwamba ni safi.

Nilimpigia binamu yangu. Huyu alisomea madini Moscow, kwenye kile chuo kilichofunguliwa mwaka 1960 na kupewa jina la Lumumba mwaka uliofuata, baada ya kuuawa kwake. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2023, na yeye alisoma hapo katikati, wakati halipo. Hilo halikumzuia kuwaambia wote kwamba amesoma "kwa Lumumba". Mwaka wa kwanza pale ni wa kujifunza lugha, na darasani alipewa Kirusi cha magazeti. Cha pili alikipata jikoni kwenye bweni, usiku, wenzake wakigombania sufuria, na hicho ndicho nilichokuwa nakihitaji. Alicheka mpaka salio langu likaanza kuniuma. Kumtundikia mtu tambi masikioni, akasema, ni kumdanganya.

Sisi tunampiga mtu changa la macho, wao wanampiga tambi za masikio. Uongo ni ule ule, unaingilia mlango mwingine tu. Lakini kumweleza mama kwamba hajaitwa mwathirika wa wizi, ameitwa mwongo, haikuwa habari njema zaidi. Akafikiri. Akasema basi heri ile ya kwanza.

Baada ya siku hiyo nilianza kumsikiliza rubani kwa hofu. Mlango wa nyuma wa ndege ulikuwa umefungwa kwa kamba ya nailoni, na mama akataka kujua utatengenezwa lini. Rubani akajibu kwamba mikono yake haifiki. Ni Kirusi hicho: maana yake sijapata nafasi. Ila kabla sijampata binamu hewani, kijana mmoja mwenye moyo mzuri alikuwa ameshaleta benchi kutoka kwenye kibanda cha chai, akaliweka chini ya mlango, akalishikilia lisiyumbe, akimwonyesha rubani apande. Rubani akalitazama benchi kwa muda mrefu. Mwishowe akapanda, nadhani kwa adabu, akasimama pale juu mkono ukiwa kwenye kamba, asijue anatakiwa afanye nini. Mama hakushangaa. "Afazali yeye mikono haifike," akasema. "Bale yao inafika, tunabajua." Pale uwanjani mtu wa mkono mrefu hakukosekana, na ofisa mmoja aliyekuwa karibu alianza kusoma kwa makini karatasi aliyokuwa ameishika kichwa chini.

Upande wa pili nao haukuwa salama. Kwetu watu wakiagana husema "tuko pamoja". Ni Kifaransa cha Kikongo kilichovaa Kiswahili, na hakimwahidi mtu chochote. Mama alimwambia hivyo rubani akimkabidhi mzigo, nami nikakipeleka Kiingereza kilivyo. Rubani akafungua orodha ya abiria, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, akasema hayumo.

Siku ya shetani mbingu ilikuwa nyeupe pe. Mzigo ulikuwa ndani, abiria wachache wameketi juu ya mizigo wakishikilia nyavu, na mama alikuwa ameshasali. Bukavu ndege ilikuwa hairuki bila maombi. Ila safari hii alitaka na rubani abarikiwe, tena kwa lugha yake mwenyewe. Nikamwambia Mungu anasikia lugha zote. "Mungu anasikia," akasema mama. "Ni huyu ndiye hasikie."

Nikamwandikia binamu: nipe baraka ya safari, ile wanayoambiana wenyewe. Jibu likaja upesi: sema ni pukha ni pera. Mama akaushika mkono wa rubani kwa mikono yake miwili, na kwa matamshi ambayo ningependa Warusi wote wayasikie, akasema ni pukha ni pera.

Uso wa rubani ulifunguka. Sijui ni miaka mingapi hajatakiwa heri hivyo. Akapiga kifua, akanguruma: "K chortu!" Na kwa sababu alikuwa mtu wa heshima, asiyetaka kumwacha mtu nje ya mazungumzo, akageukia abiria akalirudia kwa Kiingereza.

Mle ndani alikuwamo mwanafunzi mmoja aliyekuwa anakisoma Kiingereza kwa bidii. Alinitangulia. "Anasema: kwa shetani!"

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo baya. Msemo ule ni wa wawindaji wa zamani. Unamwombea mwenzako asipate manyoya ya mnyama wala ya ndege, ili pepo wabaya wakisikia wadhani hana bahati na wamwache. Wanaoogopa kijicho watanielewa. Naye anayeombewa hatakiwi kushukuru. Anatakiwa kujibu "kwa shetani", la sivyo heri inaharibika. Binamu aliyaeleza yote hayo vizuri sana, kwa ujumbe wa sauti, baada ya mama mwenye mtoto mgongoni kuwa ameshashuka, mwalimu akimfuata, na kijana mmoja akirusha begi lake kwanza na mwili baadaye. Mchungaji aliyekuwa anakwenda kuhubiri Shabunda alibaki ameinama katikati ya mlango, mguu mmoja ndani na mmoja kwenye ngazi. Kushuka anaona haya, kubaki anaogopa.

Nikasimama chini ya bawa nikaeleza habari za wawindaji, manyoya na pepo. Mchungaji akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "wanakubali kwamba pepo wako hapa." Na ule mguu wa ndani ukatoka.

Wote wakamgeukia mama, maana mzigo ni wake na baraka ilikuwa yake. Mama alimtazama rubani, akaitazama ndege, kisha akaitazama mizani, na hapo ndipo macho yake yalipokaa.

"Umuambie hivi," akasema. "Mimi gunia zangu zote zilipimwa. Kama shetani anapanda, naye apimwe, alipe kilo zake."

Nikaipeleka Kiingereza kama ilivyo, bila kupunguza neno. Rubani akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akachomoa kalamu mfukoni.

"Kilo ngapi?" akauliza.