Baba Mifupa

Jamani, mie niliomba mtoto. Sikuomba mtaalamu wa mifupa.

Wenzangu hapa kijiweni watoto wao wanapenda vitu vya kueleweka. Mmoja anapenda mpira, baba yake kamnunulia jezi ya Simba, kwisha kazi. Mwingine anapenda kuimba. Mtaa mzima hatulali, lakini angalau tunajua kinachotusumbua. Binti yangu yuko darasa la tano, anapenda mijusi. Tena si hawa wa ukutani wanaotusaidia kula mbu. Anapenda mijusi waliokufa miaka milioni 150 iliyopita. Mie marejesho ya bodaboda ya wiki jana tu nayaona ya zamani.

Chanzo ni shuleni. Waliambiwa yule mjusi mkubwa aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin, yule ambaye wabunge wetu huwa wanamuulizia bungeni atarudi lini, katoka hapa kwetu. Tendaguru. Lindi hii hii. Toka siku hiyo bando langu halijawahi kuiona jioni.

Nikasema basi, nami nishiriki. Nikakariri jina. Brakiosaurasi. Siku tatu nalitafuna pale stendi nikisubiri abiria, mpaka mama mmoja akadhani nasoma dua, akaniitikia amina. Nikarudi nyumbani kifua mbele. "Mwanangu, Brakiosaurasi hajambo?" Akaniangalia kwa huruma. "Baba, huyo wa kwetu siku hizi wanamwita Giraffatitan."

Wamembadilisha jina! Mnyama kafa, kazikwa, kafukuliwa, kapandishwa meli, na bado anabadilishiwa jina. Mie cheti changu cha kuzaliwa kimekosewa herufi moja, huu mwaka wa pili naambiwa njoo kesho.

Sasa ikaja Idd kubwa. Shemeji akatuletea mbuzi, Mungu ambariki. Binti akatangaza hakuna mfupa wa kutupwa, anataka kumuunga mbuzi asimame kama wa Berlin. Mama yake akacheka. Mie nikacheka. Mtoto hakucheka. Wageni wanakula pilau, yeye anazunguka na beseni. Shemeji, mtu mzima na kanzu yake, anafyonza uboho, mtoto kasimama mbele yake anamsubiri amalize.

Kumbe mifupa hiyo haikai hivi hivi. Lazima ichemshwe mafuta yatoke. Nani achemshe? Saa nne usiku niko uani na sufuria, nakoroga. Harufu ikatembea. Jirani akaja na bakuli lake, kasikia kwetu kuna supu. Nikamwambia hapana, hii si ya kula.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Mtu anachemsha mifupa usiku, akiulizwa anasema si ya kula. Unadhani mtaa utafikiria nini? Asubuhi mwenyekiti wa mtaa huyo, na watu wawili nyuma. Binti akawatolea daftari lake la michoro, akawaeleza uti wa mgongo, mbavu, kila kitu. Wakafurahi, wakampa mkono. Mie mwenyekiti akanivuta pembeni. "Mtoto tumemwelewa. Wewe bado tunakuangalia."

Jina la Baba Mifupa lilianza siku hiyo.

Halafu nikapewa zamu ya kulinda mifupa ikianikwa juani. Nikasinzia. Mbwa akapita na mguu wa nyuma wa kushoto. Nikakimbilia buchani kimyakimya. "Nipe mfupa wa mguu wa mbuzi, usiwe na nyama." Muuzaji akauliza, "Wa mbwa?" Nikamwambia, "Wa mtoto." Akaniangalia, akaniangalia tena, akaniongezea nusu kilo ya nyama bila kunidai. Nikapokea. Hata wewe ungepokea. Mfupa nikauchemsha, nikauchomeka kwenye fungu, midomo nikafunga.

Shule zilipofungwa akataka kuiona Tendaguru yenyewe. Kilomita kama 60 kutoka Lindi mjini, kaskazini magharibi, lakini hizo ni za kwenye ramani. Za kwenye mchanga ni nyingine. Pikipiki inakwenda ubavuubavu kama kaa, na mtoto mgongoni ananisomesha. Kwamba mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Sattler, alipita huko akaiona mifupa imechomoza njiani. Kwamba kuanzia 1909 hadi 1913 wakaja wataalamu wa Berlin, wakachimbisha watu mamia. Vumbi la vita vya Majimaji halijatulia, watu wametoka kwenye njaa. Mifupa zaidi ya tani 200, na ilibebwa kichwani na mabegani mpaka bandarini Lindi.

"Siku nne kwa miguu, Baba."

Mie hapo nilikuwa nalalamikia mchanga, tena nina injini. Nikanyamaza. Nikaendelea kulalamika moyoni.

Ila kitu kimoja kilinigusa. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wa huku huku, Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mjusi mmoja akapewa jina lake, Australodocus bohetii. Nikaongeza mafuta. Kumbe mtu wa kwetu anaweza kuingia kwenye jina la mjusi! Nikamuuliza, "Na wewe ukigundua wako, mzee wako utamkumbuka?" Akasema, "Tutaona, Baba."

Tukafika. Nilitegemea geti, tiketi, mtu anauza soda baridi. Nikakuta majani na miti. Nikamuuliza mzee wa kijijini aliyetupeleka, "Sasa mjusi mwenyewe yuko wapi?" Mzee hakunijibu mie. Akamgeukia mtoto. "Hukumwambia baba yako?"

Nikaona nijikomboe. Nikazunguka kichaka, nikaona kitu cheupe, kikavu, kigumu. Nikakiokota, nikapiga yowe: mfupa! Binti akaja mbio, akakiangalia mkononi mwangu. "Baba, hicho ni kinyesi cha fisi."

Nikakirudisha nilipokitoa, kwa adabu zote.

Juzi mbuzi kakamilika. Kasimama sebuleni juu ya kabati la vyombo, kafungwa na waya, kila mfupa na kijikaratasi chake. Tatizo kainamia kushoto kama meza ya mgahawa. Mie nikasifia pozi. Binti akatoa rula, akapima mguu wa kulia, akapima wa kushoto. Akaniangalia. Jasho likanitoka, nikakiri yote, mbwa na bucha na nusu kilo ya nyama.

Nikajitetea. "Si wewe mwenyewe uliniambia hata yule wa Berlin wamemuunga kwa mifupa ya wenzake?"

"Kweli. Lakini wenyewe wanasema wazi."

Akachukua kijikaratasi, akaandika, akakibandika mguuni. Nikavaa miwani nisome. "Mguu wa nyuma kushoto. Si wake. Umeletwa na Baba."

Kaandika kwa kalamu nyekundu.